Boom bap nachana vizuri, biti likibadilika napotea. Wachanaji wakali wanafanyaje?

kinyozi_kihonda

Habari za usiku wakuu. Mimi ni kinyozi hapa Kihonda, Morogoro, miaka 24. Saluni yetu ina viti viwili na spika moja iliyopasuka, hicho ndicho chuo changu cha muziki. Nachana, yaani narap, tangu kidato cha pili na mtaani wananikubali, sisemi kwa kujisifu.

Wiki mbili zilizopita nilipanda basi kwenda Dar na elfu themanini niliyodunduliza miezi mitatu. Studio siitaji jina. Prodyuza akaniwekea biti la kwanza, boom bap ya kizamani, nikatiririka mpaka vijana waliokaa kwenye benchi wakaanza kupiga kelele. La pili drill. Vesi ile ile, mdomo ule ule, lakini nikawa kama mtu anayedandia daladala inayotembea, mguu mmoja ndani, mmoja kwenye lami. Nikaongeza kasi, nikalitangulia biti. Nikapunguza, likaniacha. La tatu singeli. Hapo sitaki hata kukumbuka. Prodyuza akavua hedifoni akaniambia mbele ya wote, "Mdogo wangu, una biti moja tu mdomoni." Na hela yote akachukua.

Niliumia, ila nikikaa peke yangu naona alisema kweli. Sasa naomba kujua: wachanaji wakali wanafanya nini hasa biti linapobadilika? Wanabadilisha kasi ya ulimi, wanabadilisha sauti, au wanaandika upya? Tafadhali mtu asinijibu "ni kipaji". Mistari iliyonitia aibu inaanza hivi:

Nimeshika mashine, nanyoa vichwa vya watu
Mfukoni ni jero, na kichwani mna vitu

dereva_msamvu

Mkuu tatizo ni hiyo spika iliyopasuka. Miaka yote sneya, ile ngoma inayolia "paa", imekuwa ikiishia kwenye mpasuko, wewe unadhani ndivyo muziki ulivyo 😂 Ila nakaa hapa, na mimi nataka jibu.

fundi_wa_kaseti

Mdogo wangu, pole kwa kusemwa mbele ya watu. Mimi nimekaa kwenye mitambo Temeke tangu 2001, nilianza kwa kukunja nyaya na kutumwa chipsi, mwaka ule ule mchanaji Professor Jay alipotoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu. Wenye ugonjwa wako nimewaona wengi. Ulimi wako hauna shida. Vesi yako umeiandikia biti moja, ukaikariri, sasa unaizungusha mjini kama mtu aliyefunga kitanda cha sita kwa sita kwenye bodaboda. Barabara kuu unapita. Ukiingia kichochoroni unagonga kuta za watu, halafu unailaumu bodaboda.

Chukua kalamu tuhesabu.

Boom bap uliyopewa nakisia ilikuwa BPM 90, yaani mapigo 90 kwa dakika, au jirani yake. Kila baa ina mapigo manne, sneya inalia pigo la pili na la nne. Gawa kila pigo vipande vinne, unapata nafasi 16 kwa baa, na sneya zinakaa nafasi ya 5 na ya 13. Sasa mstari wako wa kwanza una silabi 15. Ukiitanguliza "Ni" kidogo tu kabla ya baa kufunguka, "shi" ya mashine inaangukia nafasi ya 5 na "wa" ya watu nafasi ya 13. Mstari wa pili vilevile: "je" ya jero, "vi" ya vitu. Hukuwa unajua, ila sikio lako lilijua.

Na zinakaa vizuri kwa sababu Kiswahili kinakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho. maSHIne. WAtu. JEro. VItu. Wenzetu wa Kiingereza wana maneno mengi mafupi ya silabi moja, wanalimaliza neno juu ya sneya, paa, kwisha. Sisi mkazo ndio unagonga sneya, halafu ule mkia, "ne" au "tu", unaning'inia nyuma yake. Vijana wanaomuiga Mmarekani wanalazimisha mkia uanguke juu ya sneya, basi utawasikia wanasema waTU, viTU, kama mgeni aliyejifunza lugha jana. Hilo kosa nalisikia kila wiki na nimechoka kulisema.

Haya, drill. Uliona 140 kwenye kioo ukaogopa. Lakini sneya ya drill haina mpangilio uliouzoea. Ndani ya baa mbili kuna mbili kubwa tu: moja pigo la tatu la baa ya kwanza, nyingine imesukumwa mpaka pigo la nne la baa ya pili. Katikati hapo ni haihati, vile visahani vinavyolia "ti-ti-ti", zinachezacheza na besi inateleza. Wewe uliyezoea sneya mbili kila baa ulikanyaga "shi" hewani, ukakanyaga "wa" hewani, ukadhani umechelewa, ukakimbia. Ni kama kushuka ngazi gizani ukadhani bado kuna kidato kimoja.

Gawa kila pigo mara mbili tu, upate nafasi nane kwa baa, kisha jaribu hivi:

Baa ya kwanza: na-shi-ka-ma-SHI-ne (kimya, kimya)
Baa ya pili: na-nyo-a-vi-chwa-vya-WA-tu

Hesabu kwa vidole. "Shi" iko nafasi ya 5, ambayo ndiyo pigo la tatu. "Wa" iko nafasi ya 7, ndiyo pigo la nne. Nimekunyang'anya silabi moja tu, "nimeshika" imekuwa "nashika". Kisha ona kichekesho chenyewe: kwenye boom bap ulikuwa unatema silabi 15 kwa sekunde 2.7. Hapa silabi 14 zina sekunde 3.4. Kwa mdomo, drill ni polepole kuliko boom bap! Haraka yote unayoisikia ni ya haihati, wewe ukaibeba kama yako.

Trap, mtindo mwingine wa biti, nayo inaweza kuwa 140 hiyo hiyo, ila sneya yake imetulia pigo la tatu kila baa, ndiyo maana watu wanapata nafasi ya kupanga silabi tatu tatu ndani ya pigo. Na hapo Kiswahili kinatupendelea. "Nashika mashine nanyoa" itamke polepole: na, SHI-ka-ma, SHI-ne-na, NYO-a. Inajipanga tatu tatu yenyewe, mradi ile "na" ya kwanza uitupe kabla ya pigo. Ukiianzia juu ya pigo, mikazo yote inahama na utasikika umelewa.

Sauti pia. Boom bap besi inakaa palepale, kwa hiyo wewe ndiye unayepanda na kushuka. Kwenye drill besi yenyewe inaimba. Ukiimba na wewe, mnagombana, na besi haijawahi kushindwa. Shusha sauti, iwe bapa, kama unamwambia mtu jambo dukani na hutaki muuzaji asikie.

Msidhani hii ni shida ya wanaoanza. Notorious B.I.G. alijulikana kwa kuchana kama mtu aliyeegemea kochi. 1997, kwenye albamu ya Life After Death, akaingia wimbo mmoja na Bone Thugs-n-Harmony wa Cleveland, watu wa silabi za kumwagika, na akawafuata kwao. Mwili mkubwa ule ule, koo lile lile, lakini mistari aliipanga kwa kipimo cha wenzake. Hakubeba kitanda.

Na hapo hapo kwenu Morogoro mna mfano. Professor Jay, kabla hajawa mbunge wa Mikumi 2015, alishafanya wimbo ambao yeye ni mgombea jukwaani na umati unamjibu "ndio mzee". Sikiliza anavyoacha nafasi. Anasema, ananyamaza, watu wanajibu, anaendelea. Mchanaji mwingine angezijaza zile nafasi maneno na wimbo ungekufa.

kinyozi_kihonda

Fundi nimesoma nikiwa na mteja kwenye kiti. Nimegonga "SHI" kwa kitana kwenye kiegemeo mpaka akaniuliza kama niko sawa. Nimwambie nini sasa.

Swali dogo: kwa hiyo sheria ni kwamba mkazo lazima ukae juu ya sneya kila mara?

mwalimu_wa_kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Kaka'ngu kinyozi, hilo swali ndilo lililonifanya niingie. Fundi amesema kweli, ila ameisema nusu, nami nafundisha Kiswahili sekondari, siwezi kuona nusu nikapita.

Kwanza hizo nafasi 16. Zina wenyewe. Mshororo wa shairi letu una mizani, yaani silabi, 16: nane ukwapi, nusu ya kwanza, na nane utao, nusu ya pili. Kipande cha utenzi kina nane, sawasawa na ile baa ya drill aliyoigawa fundi. Nyanya yangu alikuwa akighani tenzi jioni huku akihesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine, na hajapata kusikia neno baa maishani mwake. Nilipoanza kuchana, nikiwa chuoni, nilijiona mjanja, nikachukua beti zangu za mizani 16 kamili nikazipachika juu ya biti. Wallahi nilikaribia kuzimia. Mghani huvuta sauti anapotaka na kupumua anapotaka, lakini biti halimngoji mtu. Wewe mstari wako una 15, na hiyo moja uliyoiacha ndiyo pumzi yako. Usiijaze.

Sasa ile nusu nyingine. La, mkazo si lazima ukae juu ya sneya. Kuna mabiti ambayo ngoma zenyewe zinayumba. J Dilla, prodyuza wa Detroit, alikuwa akipiga ngoma kwa vidole kwenye MPC, mashine ya kutengenezea biti, na kuizuia isizinyooshe, ndiyo maana zinasikika kama mtu anayetembea huku anafikiria jambo jingine. Ukipanga mikazo yako kwa rula juu ya biti la namna hiyo, unakuwa askari anayepiga gwaride kwenye harusi. Hapo mwenye ujuzi huchelewa kwa makusudi, unyuzi tu, kila neno lifike baada ya ngoma, ila lichelewe kwa kipimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukichelewa kwa vipimo tofauti tofauti, hapo umepotea, hujachelewa.

Tena si lazima sentensi imalizike baa inapomalizika. Rakim alikuwa mpiga saksofoni kabla hajawa mchanaji, na mwenyewe ameeleza kuwa alijifunza kwa John Coltrane, gwiji wa saksofoni, namna ya kupanga maneno. Sentensi yake huanza katikati ya baa ikaishia katikati ya nyingine. Sisi twaweza zaidi, maana neno letu moja ni sentensi nzima. Hatutawaachia: ha-tu-ta-wa-a-CHI-a. Silabi saba, mkazo mmoja. Ukiliweka neno kama hilo juu ya boom bap unapata mwendo mrefu wa kuteleza usio na kishindo mpaka ufike "chi". Ukitaka vishindo vingi, chagua maneno mafupi: mashine, watu, jero. Kasi ya biti hujaigusa, lakini msikilizaji atasema umeongeza kasi.

Amapiano sitaiongelea sana, siipendi. Iko kwenye 112 hivi, na ile ngoma yake nene ndiyo mwimbaji mkuu. Sema maneno manne, ukae pembeni.

mtoto_wa_manzese

Oya, singeli wote mmeiruka kama dimbwi. Mimi nashika maiki kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani, ngoja niwaambie.

Mzee wa mahesabu, hesabu na hii. Biti langu la kawaida 240. Baa moja sekunde moja kamili. Una njia mbili. Silabi moja kila pigo, hapo unatoa nne kwa sekunde, ni maongezi ya kawaida kabisa, hata bibi anaweza. Au silabi mbili kila pigo, nane kwa sekunde, hapo ndipo watu wanapiga mayowe. Wageni wanadhani sisi tunakaa kwenye nane usiku kucha. Nani ana mapafu hayo? Tunakaa kwenye nne, tunakaa, tunakaa, tunachomoka na nane kwa baa tatu nne, tunarudi. Ile kurudi ndiyo inafanya kuchomoka kuonekane. Wewe kinyozi nina uhakika uliingia na nane toka mlangoni, ukafia sebuleni.

Pili, maneno yanakatwa. Nimeshika inakuwa n'meshika. Nitakuja, ntakuja. Sasa hivi, sa'ivi. Mimi, mi. Mwalimu asizimie tena.

Tatu, kurudia si uvivu. Singeli imetoka kwenye mchiriku, vinanda vidogo vya Casio na spika mchangani, watu wanacheza, vumbi juu. Aliyeko nyuma anapata neno la mwisho tu. Kwa hiyo vesi yako nzuri ya vichwa vya watu, kwangu ingekuwa: mashine mashine, nashika mashine, nanyoa mashine, halafu namtaja mtu aliyeko mbele yangu na nywele zake. Wakicheka navuta pumzi. Pumzi yangu mimi iko kwenye kicheko chao.

Nne, sauti ipandishe juu, puani. Huko chini pamejaa kiki, ukishuka huko hakuna anayekusikia. (Nasema kiki ya ngoma, siyo zile za mastaa kutafuta kuandikwa magazetini.)

Na mkubwa wenu Professor Jay hakuona haya, aliingia singeli na Sholo Mwamba. Kwa hiyo msitudharau.

mwalimu_wa_kisauni

Sikuzimia. N'meshika ina jina lake, inaitwa inkisari, na washairi wameitumia tangu enzi ili mizani ikae sawa. Ukirefusha neno ni mazida. Wanafunzi wangu huyakariri hayo maneno mawili kwa ajili ya mtihani na kuyasahau siku ya pili yake. Kesho nawasomea maelezo ya Manzese.

fundi_wa_kaseti

Mwalimu nakubali, nusu yangu nimeiona. Ila kuchelewa makusudi mwache kwanza. Huyu akijifunza kuchelewa kabla hajajua kufika, kila akikosea atasema alikusudia. Ninao wawili wa hivyo hapa studio.

Kinyozi, hebu fanya jambo moja kabla ya yote haya. Zima haihati kichwani mwako. Sikiliza biti la drill mara tano bila kufungua mdomo, ukigonga goti kwenye zile sneya mbili tu. Goti likikosea, mdomo utakosea.

kinyozi_kihonda

Wakuu nimefunga saluni saa tatu, nikabaki ndani na biti la drill nililopakua. Goti lilikosea mara nne za kwanza. Nilikuwa nagonga sneya ya pili mapema, palepale ilipokaa ya kwanza, kila mara. Mara ya tano likakaa. Nikafungua mdomo: "nashika mashine", kimya, na hapo kwenye kimya ndipo nimejikamata. Nilikuwa navuta pumzi kwa pupa, nikimaliza kuvuta naanza "nanyoa" hapohapo bila kungoja baa ifunguke. Nafasi mbili za kimya nilikuwa nakaa moja na nusu. Kumbe Dar sikushindwa na maneno, nilishindwa na ile nusu.

Jaribio la kumi na moja "WA" imegonga. La kumi na mbili imepotea. La kumi na tatu imerudi.

Mstari wa pili nimeukata hivi: "mfukoni jero", kimya kidogo, "kichwani". Hapo nimekwama, "na kichwani mna vitu" nikiianzia kwenye moja, "vi" inafika pale pale kwenye pigo la nne, lakini "jero" inafika mapema.

fundi_wa_kaseti

M-fu-ko-ni-JE-ro. Hiyo "m" nayo ni silabi, ihesabu. Unaimeza, ndiyo maana unafika mapema. Funga midomo, iimbe kidogo.

Na uweke rekodi hapa, tusikie.

kinyozi_kihonda

Mmmfukoni. Daah. Kweli.

Rekodi kesho. Umeme umekatika na simu ina asilimia nne.

dereva_msamvu

Nimegonga goti kwenye tangi la pikipiki, abiria kashuka kabla ya kituo.